Mcheza kwao hutuzwa: Ni nani atungaye sauti ya filamu zetu?

Mtu akitoka kutazama sinema, ukimwuliza ni kipi kilichomgusa, atakutajia sura ya mwigizaji, atakusimulia mapenzi na mapigano, na pengine atalikumbuka jina la mwelekezi. Ni nadra sana kumsikia akimtaja mtunzi wa muziki. Hata hivyo, aghalabu mtunzi huyo ndiye aliyemtoa machozi. Iondolee filamu muziki wake, na simba anayerejea mwituni atabaki kuwa mnyama anayetembea kwenye nyasi. Urudishe muziki huo, na mtazamaji aliye maelfu ya maili kutoka hapa, ambaye hajawahi kumwona hata paka wa porini, ataona kana kwamba ameagana na ndugu yake.

Sikuuchagua mfano wa simba kwa bahati. Ninaandika haya nikiwa Embu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, ninakofundisha Kiswahili na kusimamia chama cha muziki cha wanafunzi. Ukiifuata barabara kuu kutoka hapa, ukapita Runyenjes na Chuka, utafika Meru. Katika Mbuga ya Wanyama ya Meru limo kaburi la simba jike aliyeitwa Elsa. Alizaliwa mwaka 1956, akalelewa na Joy na George Adamson baada ya mama yake kuuawa, akafunzwa kujitegemea mwituni huko Meru, na akafa Januari 1961. Joy Adamson alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu yake, Born Free, kilichotoka mwaka 1960. Mwaka 1966 ikatoka filamu yenye jina lilo hilo, iliyopigwa papa hapa Kenya, miguuni pa mlima wetu.

Sasa msomaji na anisikilize. Filamu hiyo ilishinda tuzo mbili za Oscar, na zote mbili zilikuwa za muziki. Hapakuwa na tuzo ya uigizaji, wala ya uelekezi, wala ya upigaji picha. Moja ilitolewa kwa muziki unaoisindikiza filamu tangu mwanzo hadi mwisho, na ya pili kwa wimbo wake. Muziki ule ulitungwa na Mwingereza John Barry, na maneno ya wimbo yakaandikwa na mwenzake Don Black. Simba wa Meru, basi, aliingia katika masikio ya ulimwengu kwa kalamu ya mtunzi.

Wahenga walinena kwamba mgala muue na haki umpe. Kabla ya kuuliza maswali yetu, yafaa tumtazame mtu huyu na kazi yake, kwani maisha yake ni somo zuri kwa kijana yeyote anayedhani kwamba utunzi ni kipaji kinachoshuka kama mvua. Barry alizaliwa mwaka 1933 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na majumba ya sinema, na humo ndimo mtoto alimojifunzia kusikiliza filamu badala ya kuitazama tu. Alifundishwa muziki na Francis Jackson, mpiga kinanda wa kanisa kuu la York. Alipokuwa askari alijifunza upangaji wa muziki kwa njia ya posta, akipokea masomo ya Mmarekani Bill Russo. Naam, kwa posta! Mwaka 1957 akaunda bendi yake, akapiga tarumbeta, akawapangia waimbaji wa siku zile nyimbo zao, na mwaka 1960 akapata filamu yake ya kwanza, Beat Girl. Baadaye ndipo alipotunga muziki wa filamu 11 za James Bond, kuanzia mwaka 1963 hadi 1987. Alipofariki mwaka 2011 alikuwa amejizolea tuzo tano za Oscar.

Mtunzi wa namna hii hufanya kazi gani hasa? Hakai chini ya mti akasubiri wimbo umjie. Huitazama filamu pamoja na mwelekezi, tukio baada ya tukio, na wakakubaliana muziki uingie wapi na, lililo gumu zaidi, unyamaze wapi. Hupima kila tukio kwa sekunde. Akijua kwamba mlango utafunguliwa katika sekunde ya 40, lazima sauti yake ifike mlangoni sekunde hiyo, isitangulie wala isichelewe. Kisha huandika sehemu ya kila ala, na wapigaji huirekodi huku picha ikiendeshwa mbele yao. Ni kazi ya hesabu, ya subira na ya unyenyekevu, maana muziki unaojionyesha kupita kiasi huiua filamu.

Isitoshe, hata mtunzi mkubwa si bwana wa filamu. Wimbo wa Born Free wenyewe haukuwapendeza watayarishaji, ukakatwa. Ni pale ulipovuma Marekani katika santuri ya mpiga piano Roger Williams ndipo uliporejeshwa, na hatimaye ukapata tuzo. Tujifunze hapo kwamba anayetunga kwa ajili ya filamu hutunga ndani ya nyumba ya mwingine. Ndiyo maana anahitaji zaidi ya kipaji: anahitaji mkataba, na anahitaji jina lake liandikwe.

Barry aliitungia Kenya zaidi ya filamu hiyo moja. Mwaka 1965 alikuwa ametunga muziki wa Mister Moses, iliyopigwa nchini mwetu, na mwaka 1985 akatunga ule wa Out of Africa, ambao ulimletea Oscar nyingine. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 20, watazamaji wengi wa ng'ambo walipofikiri kuhusu nyanda zetu na milima yetu, walizisikia fidla na pembe za okestra ya Kizungu. Simlaumu. Inajulikana kwamba kwa maoni yake Out of Africa haikuwa hadithi ya Afrika, bali ya watu wawili waliopendana wakiwa Afrika, na kwamba muziki ulipaswa kufuata nyoyo zao. Hoja hiyo ina mantiki. Mtunzi huandika anachokisikia yule ambaye hadithi ni yake.

Lakini papo hapo ndipo lilipo fundo. Ikiwa muziki hufuata moyo wa mwenye hadithi, basi kila mara hadithi itakapokuwa ya mgeni, sauti ya nchi itakuwa ya mgeni. Sisi tutabaki kuwa mandhari: mlima, simba, na watumishi wanaopita nyuma ya meza wakibeba sinia.

Katika filamu hiyo hiyo ya mwaka 1985 walikuwamo Waafrika wawili ambao kila mwalimu wa muziki angefaa kuwajua. Wa kwanza ni George Senoga-Zake, mwalimu aliyezaliwa Uganda na kufanya kazi yake kubwa hapa Kenya. Alikuwa mmoja wa wanamuziki watano waliotayarisha wimbo wetu wa taifa mwaka 1963. Katika albamu ya Out of Africa, jina lake limeandikwa kando ya wimbo Siyawe, uliounganishwa na kipande cha Barry. Ni nafasi ndogo, lakini jina lipo, na jina likiwapo haki ina pa kushikilia.

Wa pili aliigiza kama Kanuthia, na katika orodha ya waigizaji aliitwa Job Seda. Watazamaji walimwona, lakini muziki wake hawakuusikia. Ulimwengu ulikuja kumjua baadaye kwa jina la Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akapigia bendi ya Black Savage na baadaye African Heritage, kisha mwaka 1986 akaenda Uingereza akiwa na nyatiti yake, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Huko alipiga muziki kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi ya London, wapita njia wakimtupia sarafu. Watu wa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, wakamsikia, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake, En Mana Kuoyo. Ndani yake umo wimbo Kothbiro, yaani mvua inakuja.

Miaka 20 baada ya Out of Africa, mnamo 2005, ilitoka filamu The Constant Gardener, iliyopigwa sehemu kubwa Kenya, Kibera ikiwamo. Mtunzi wa muziki wake alikuwa Mhispania Alberto Iglesias, ambaye aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Hata hivyo, watazamaji wengi waliondoka na sauti moja ya kipekee masikioni: sauti ya Ogada na nyuzi za nyatiti katika Kothbiro. Mtu aliyekuwa ndani ya picha mwaka 1985 alikuwa sasa ndani ya muziki. Ala iliyokuwa ikipigiwa wasafiri wa treni ilikuwa imefika mahali ilipokuwa imekaa okestra.

Hebu tuzitofautishe kazi hizi mbili, maana wanafunzi wangu huzichanganya. Barry alitunga kwa ajili ya filamu: aliajiriwa, akaitazama picha, akaandika. Ogada alikuwa ametunga wimbo wake kwa sababu zake, na filamu ikamfuata miaka mingi baadaye. Njia zote mbili ni halali na zote zina riziki. Ila ya kwanza humpa mtunzi usukani wa hisia za hadithi nzima, na ya pili humpa dakika chache. Mpaka leo Waafrika Mashariki wengi tumeingia kwa mlango huo wa pili. Hata The First Grader ya mwaka 2010, filamu inayosimulia maisha ya Kimani Maruge, yule mzee aliyejiunga na darasa la kwanza, muziki wake ulitungwa na Mwingereza Alex Heffes. Hadithi ilikuwa yetu kabisa, lakini kalamu ya noti ilikuwa ya mwingine.

Muhula mmoja, mwanafunzi wa kike katika chama chetu alitunga kipande cha dakika mbili kwa ajili ya filamu fupi ya shule. Filamu ilihusu msichana anayechota maji mtoni. Mwanafunzi huyu alikataa kutumia kinanda. Alimwomba mwenzake kutoka upande wa Chuka apige ngoma ndefu, ile inayobanwa mapajani, kwa mapigo ya polepole ambayo hayakuwahi kuchezewa harusi wala tamasha. Ngoma ilianza msichana alipoinama, ikanyamaza mtungi ulipojaa. Darasa zima lilikaa kimya. Nilijua kwamba mtoto huyu, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameshaelewa kwamba muziki wa filamu ni sanaa ya kujua pa kunyamaza.

Ilipofika siku ya wazazi, baba yake, mkulima wa kahawa mwenye adabu na maneno machache, alinivuta kando.

"Mwalimu," akasema, "niambie kweli. Huyu mtoto atakula nyimbo?"

"Mzee," nikamjibu, "akiachwa peke yake, hapana. Akifunzwa kazi na akajua haki yake, huenda."

Akatikisa kichwa. Hakushawishika, na sikuona kwamba alikuwa na makosa. Soko la filamu nchini ni dogo, bajeti ni finyu, na mtunzi huwa wa mwisho kukumbukwa fedha zikiwa zimekwisha. Mzazi anayeuza kahawa kwa bei asiyoipanga mwenyewe anaijua vyema hali ya mtu anayetoa jasho na kuambiwa asubiri malipo. Hatuwezi kumjibu kwa mashairi. Yatupasa kumjibu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, wimbo hulindwa katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Piga hesabu. Msichana wa miaka 16 akitunga wimbo leo, na Mola akamjalia kuishi hadi miaka 80, wimbo huo utakuwa mali ya familia yake kwa zaidi ya miaka 110. Ni mashamba mangapi ya kahawa yatakayofika huko bila kugawanywa? Tena haki zenyewe ni mbili: kuna haki ya utunzi, na kuna haki ya ile rekodi iliyopigwa. Anayetaka kuutia wimbo katika filamu hana budi kuomba ruhusa zote mbili, hata kama anazitafuta kwa mtu mmoja. Mwanafunzi asiyelijua hilo ataiuza ya kwanza akidhani ameuza ya pili, na ataziuza zote kwa nauli ya matatu.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Wimbo Malaika umeimbwa kote ulimwenguni, ukaufanya mdomo wa kila mgeni ujue neno moja la Kiswahili, na bado mabishano juu ya mtunzi wake yaliendelea kwa miaka mingi, Fadhili William akidai wake na Adam Salim wa Tanzania akidai wake. Linganisha na Kothbiro. Mwaka 2018 kipande cha wimbo huo, kutoka rekodi ya Black Savage, kilisikika ndani ya wimbo wa Mmarekani Kanye West, na majina ya watunzi James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yakaandikwa miongoni mwa watunzi wa wimbo huo mpya. Ogada alifariki mwaka uliofuata, Februari 2019. Wimbo wake haukuzikwa naye, na jina lake halikufutwa juu yake.

Jambo la pili ni shule. Tuna Tamasha la Muziki ambalo mizizi yake inafika mwaka 1927, na tamasha la drama ambalo sasa linashindanisha filamu pia. Kwa nini matamasha haya mawili yaishi kama majirani wasiosalimiana? Nimeketi katika mashindano na kusikia filamu za watoto wa Embu, Tharaka na Meru zikisindikizwa na muziki uliopakuliwa kutoka intaneti, piano ya huzuni isiyo na mwenyewe, ilhali kwaya ya shule hiyo hiyo imeshinda kwa wimbo wa asili ambao ungeweza kumfanya jaji asimame. Ninawaomba walimu wenzangu: filamu ya shule na itungiwe muziki shuleni. Na mwishoni, jina la mtunzi liandikwe kwa herufi zile zile zilizotumiwa kwa jina la mwelekezi. Kijana aliyewahi kuliona jina lake pale hatakubali kirahisi lifutwe baadaye.

Jambo la tatu ni ufundi. Mtaala wa umilisi umeutenga mkondo wa sanaa na michezo kuanzia Gredi ya 10, na humo yamo masomo ya muziki na ya filamu. Wanafunzi wa kwanza waliufikia mwaka 2026. Mkondo huo usigeuzwe kuwa jaa la wale walioshindwa na hisabati. Mtunzi wa filamu anaihitaji hisabati kuliko wengi wetu. Anapaswa kugawanya sekunde, kupanga mapigo, kusoma na kuandika noti, kurekodi, na kusoma mkataba hadi mstari wa mwisho. Ikiwa John Barry aliweza kujifunza upangaji kwa barua akiwa kambini, basi mwanafunzi wa Kangaru au wa Nkubu mwenye mwalimu mbele yake na simu yenye kinasa sauti mfukoni mwa mzazi wake ana pa kuanzia.

Najua yupo atakayeniambia kwamba muziki hauna kabila, na kwamba okestra inaweza kuulilia mlima wetu kama nyatiti inavyoweza kulilia mito ya Uingereza. Nakubali. Sitaki mtunzi kutoka Embu afungiwe ngoma na pembe maisha yake yote. Akitaka fidla 60, na aziandikie. Ninachokitaka ni kwamba awe yeye anayeamua. Tofauti kati ya kuchagua ngoma na kuachiwa ngoma ni tofauti kati ya mwenye nyumba na mtumishi.

Husemwa kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ogada alilazimika kwenda kucheza kwa wenzake, chini ya ardhi ya mji wa kigeni, ndipo tuzo ikapita njia ndefu ya kumrejea. Elsa amezikwa Meru, lakini wimbo wake umeandikwa London. Haya yamekwisha kupita, na hakuna haja ya kuyalilia. Wapo wasichana na wavulana darasani mwetu wiki hii wanaogonga dawati kwa vidole huku sisi tukiwaamuru wanyamaze. Mwalimu, kabla ya kumwamuru mwanafunzi wako anyamaze, mwulize kwanza: unatunga nini?